Mgeni wa Mashine ya Moshi

Kichujio kilitoka cheupe.

Ratri alikishika kwa kibano, akakigeuza upande wa pili, na huko nako kulikuwa kweupe vilevile, kama kilivyotoka kwenye pakiti asubuhi. Vichujio vingine vyote vya mashine vilikuwa vimeshakuwa rangi ya chai iliyokolea, vikinuka lami na karafuu, kama ilivyo siku zote. Ni hicho kimoja tu, cha mdomo wa mwisho ulio karibu na ukuta. Na sigara ya mdomo ule ilikuwa imeungua mpaka kwenye mstari wa kikomo cha kipimo.

"Mas Jarwo," aliita kwa sauti ndogo. "Hebu njoo uone."

Jarwo, fundi wa mashine ambaye Ratri alimwita Mas, yaani kaka, alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa kijana wa maneno mengi, asiyeweza kupita mahali bila kutania.

"Umesahau kuwasha."

"Mbona imeungua?"

"Basi huyu mdomo ameacha kuvuta. Mkewe kamkataza."

Lakini alipokitazama kichujio kwa karibu hakutania tena.

Kazi ya nyumba ile, pale Kudus, kisiwani Java, ilikuwa kupima moshi. Viwanda vinaleta sigara zao za karafuu, zinachomekwa kwenye mashine yenye safu ya midomo, zinawashwa, na mashine inavuta kama mtu: inavuta mara moja, inapumzika, inavuta tena. Moshi unapita kwenye kichujio, lami inanasa pale ipimwe kwenye mizani. Hewa inayobaki inaingia kwenye mfuko chini ya kila mdomo, ipimwe kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na rangi wala harufu. Ratri aliingia pale kama mwosha vyombo, baada ya baba yake kufariki na shule kuishia njiani. Wiki ile ndiyo kwanza alikuwa amepewa kazi ya kuwasha sigara, na aliipenda, kwa sababu chumba cha mashine hakina dirisha wala upepo, na mtu akiwa humo anaweza kudhani dunia nzima imetulia.

Bu Murtini, mama aliyekuwa mkuu wa maabara, alivaa miwani yake akakiangalia kichujio mbele na nyuma.

"Kuna mahali panavuja. Jarwo, pima pampu. Halafu rudieni."

Jarwo akapima. Hapakuvuja popote. Wakarudia, na kichujio cha mdomo wa mwisho kikatoka cheupe tena. Safari hii Ratri aliinama kutazama mfuko wa chini. Mifuko mingine ilikuwa imevimba vizuri. Ule mmoja ulikuwa umenywea, plastiki imegandana upande kwa upande, kama mashavu ya mzee asiye na meno anapofyonza kitu asichotaka kimwishie.

Siku iliyofuata alibaki chumbani baada ya kuwasha, akasimama kimya. Mashine ilivuta, na ncha zote zikawaka nyekundu kwa pamoja. Mashine ikapumzika, ncha zote zikafifia. Kisha, katikati ya ule utulivu, ncha ya mwisho ikawaka peke yake. Ikawaka taratibu, kwa starehe, kama ya mtu asiye na haraka na mahali. Na Ratri akasikia kisauti kidogo sana, kile ambacho midomo hukitoa inapoachana na sigara.

Alitoka bila kukimbia, kwa kuwa alijua akikimbia atapiga kelele.

*

Nyumbani aliishi na bibi yake, Mbah Karsi. Hakuwa na mtu mwingine. Mbah alikuwa amesokota sigara kiwandani tangu akiwa msichana mpaka mgongo ulipokataa, na bado vidole vyake vilikuwa vinajisokota vyenyewe akiwa anaongea. Lakini hakuwahi kuvuta.

"Hivi vidole vimewasokotea wanaume wa Java nzima," alipenda kusema. "Mdomo wangu haujaonja hata moja. Nimewaona waliokuwa wanaonja, walivyokwenda."

Jioni ile Ratri alimkuta jikoni anakaanga tempe ya soya, na anakohoa. Kikohozi kilikuwa kipya, kizito, kama cha mtu anayeburuta kiti. Alipomaliza kukohoa akapumua, na kilichotoka mdomoni kilikuwa moshi.

Ratri akadhani ni mvuke wa kikaango. Akasogea. Mbah akapumua tena, moshi ukapita mbele ya uso wa Ratri. Ulinuka karafuu na fenesi bivu.

Sigara yenye harufu ya fenesi haikuwa dukani. Kiwanda kilikuwa bado hakijaanza kuiuza. Ilikuwa ndiyo ile waliyoletewa wiki ile kupima, na haikuwako kwingine isipokuwa kwenye kabati la maabara na kwenye mashine.

"Mbah, umevuta kitu?"

"Nduk, binti yangu, unanitukana jikoni kwangu?"

Kesho yake alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpa Mbah kijibomba apulize, akakitazama kipimo, kisha akamtazama Mbah kwa huruma iliyochanganyika na lawama.

"Mbah, kwa umri wako, paketi ngapi kwa siku?"

"Paketi za nini?"

"Ungepunguza tu. Kifua chako ni cha mtu anayevuta bila kupumzika."

Mbah akanyanyuka, akajifunga kitambaa chake kichwani vizuri. "Twende zetu, Ratri. Huyu binti anahitaji miwani." Lakini mlangoni ilibidi ashike ukuta, na Ratri akasikia ndani ya kifua cha bibi yake mlio mwembamba, kama maji yanayochemka mbali.

Maabarani nako mambo yalizidi. Mdomo wa pili kutoka mwisho ukaanza kutoa kichujio cheupe, kisha uliofuata, kisha uliofuata, kana kwamba kuna mtu anasogea kando ya mashine akionja. Na kwa kila kichujio kilichotoka cheupe, jioni Mbah alikuwa amedhoofika zaidi. Akaacha kupika. Akaacha kwenda sokoni. Akalala kwa kukaa, maana akijinyoosha hewa haimtoshi, na kanga aliyojifutia mdomo ikawa na madoa ya rangi ya chai iliyokolea.

Ratri alilijua lile doa. Alikuwa analiona kila siku, kwenye vichujio. Kilichokosekana kule ndicho kilichokuwa kinafika huku.

*

"Niambie," Mbah alisema, akiwa ameegemea mito, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Siku ya kwanza. Ulipowasha. Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Fikiri vizuri."

Ratri akafikiri. Ilikuwa Alhamisi jioni. Na kila Alhamisi jioni, tangu Ratri hajajua kutembea, Mbah huandaa chano cha mwenye pale, mzimu wa mahali ambao nao huitwa Mbah kwa heshima: kahawa nyeusi, maua, wali kidogo, na sigara moja iliyowashwa ikawekwa ukingoni bila mtu wa kuivuta. Kazi ya kuwasha ilikuwa ya Ratri. Na ukishawasha ile sigara isiyo na mdomo wa mtu, kuna maneno unayosema, na ulimi wake ulikuwa umeyazoea kuliko jina lake mwenyewe.

Alijifunika uso.

"Nilisema, 'Karibu, Mbah.'"

"Kwenye mashine."

"Sikukusudia. Nilikuwa nimeshika kiberiti, sigara zimepangwa hazina mtu, ulimi ukasema wenyewe."

Mbah hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha Ratri.

"Nimekufundisha mimi," Mbah alisema. "Na unajua chano kinavyokwenda. Mgeni anakula harufu tu. Makombo yanarudi nyumbani kwa aliyekaribisha. Na anayekula makombo kwanza ni nani?"

Ratri alijua. Kila Alhamisi wali wa chano uliporudi, tonge la kwanza lilikuwa la mkubwa wa nyumba.

"Anakula harufu," alinong'ona. "Makombo anakuletea wewe."

"Na kwenye mashine ile," Mbah akasema, "makombo ndiyo yote mliyokuwa mnayatafuta, lami na ile sumu."

 Usiku huo, kila Mbah alipopumua chumba kilinuka fenesi.

*

Mtaani kwao alikuwapo mzee aliyeitwa Pak Modin, anayeosha maiti na kusoma dua, na ambaye watu humwita pia kwa mambo wasiyopenda kuyataja mbele ya watoto. Alikuja, akakaa kitandani kwa Mbah, akanusa, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Angekuwa amevamia, ningemfukuza," alisema. "Lakini huyu amealikwa. Aliyealikwa hafukuzwi, anaagwa. Na ninyi hata hamjakaa naye. Mnamwashia, mnatoka, mnafunga mlango. Mgeni gani anakula peke yake, halafu asiudhike?"

"Nifanye nini, Pak?"

"Ukae naye mpaka amalize. Makombo yabaki pale pale mezani, yasitoke. Halafu umsindikize mpaka lango la nje, umfungulie, apite, ufunge. Usimwambie kwaheri, usimwambie njia njema. Neno la aina yoyote pale langoni yeye atalihesabu kuwa mwaliko."

Ratri akaenda kwa Bu Murtini na kumweleza. Alitegemea kufukuzwa kazi. Bu Murtini alivua miwani, akaivaa tena.

"Siwezi kuandika jini kwenye ripoti," alisema mwishowe. "Lakini kiwanda kimenipigia simu. Wamesikia vichujio vinatoka vyeupe, wanataka waitangaze sigara yao kuwa haina madhara. Nikisaini karatasi hiyo, watu wataivuta kwa kuniamini mimi. Jumapili hatufanyi kazi. Nitakuachia ufunguo. Sitauliza uliutumia kufanyia nini."

Jarwo, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akajikuna shingo. "Ukimwona, mwambie ile mifuko aliyoifyonza nitamdai."

Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea wacheke.

*

Jumapili alasiri mvua ilikuwa imenyesha ikakatika. Mlinzi wa lango, Pak Wiryo, aliwafungulia Ratri na Pak Modin. Alikuwa mtu wa adabu za zamani. Humwamkia hata mwuza barafu kwa kuinama na mikono imekunjwa mbele.

"Kazi Jumapili, Nduk? Haya, karibuni, karibuni."

Pak Modin alibaki nje ya chumba cha mashine, akakaa sakafuni mbele ya mlango, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Ratri akaingia peke yake. Akachomoa waya wa mashine ukutani ili asivute mwingine ila mgeni, akaweka kikombe cha kahawa nyeusi, akachomeka sigara moja kwenye mdomo wa mwisho, na chini yake kichujio kipya. Akavuta stuli, akakaa. Akawasha.

Safari hii hakusema neno. Hapakuwa na haja.

Kwa muda hapakuwa na kitu ila uzi wa moshi uliosimama wima, maana chumba kile hakina upepo. Kisha uzi ule ukapinda. Ukapinda kuelekea upande wa ukuta, ukawa kama unavutwa na kitu, na ncha ya sigara ikawaka, na stuli ya pili, ile ambayo Jarwo hukalia, ikalia kwa uzito wa mtu anayejiweka sawa.

Ratri akashika magoti yake. Harufu ya chumba ilibadilika. Chini ya karafuu na fenesi kulikuwa na harufu ya udongo wa ghalani, wa tumbaku iliyolala gizani miaka mingi, na chini ya hiyo tena kulikuwa na harufu ya mdomo.

Ncha ikawaka, ikafifia. Kichujio bado cheupe.

Ndipo akasikia kikohozi. Hakikutoka stuli ya pili, kilitoka ndani ya mashine, kwenye kile kitundu cha mdomo wa mwisho, na kilikuwa kikohozi cha Mbah, kilekile kizito cha kuburuta kiti, na baada yake sauti ya Mbah ikivuta hewa isiyofika, ikivuta tena, ikimwita, "Nduk, Nduk, njoo," kwa namna ambavyo Mbah alimwita tangu utotoni kila alipotaka kusaidiwa kunyanyuka, na mwili wote wa Ratri ukataka kusimama, miguu yake ikasimama kidogo kabla hajaiamuru, akaona mlango na akamwona kwa mawazo bibi yake kitandani akinyoosha mkono, na akajua kwamba akitoka sasa hivi mgeni atakuwa ameachwa peke yake mezani kwa mara nyingine, na makombo yote ya sigara ile na ya zote zilizotangulia yatamfuata nyumbani, basi akajirudisha kwenye stuli, akaishika kwa mikono miwili chini ya mapaja kama mtu aliye juu ya kitu kinachokwenda kasi, machozi yakimshuka na kuingia mdomoni, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, "Nipo, Mbah. Nimekaa. Kula taratibu, nitakungoja mpaka umalize," na hakujua alikuwa anamwambia nani kati yao wawili.

Kikohozi kikakatika.

Ncha ikawaka tena. Ratri akainamisha kichwa kutazama, akaona katikati ya kichujio doa dogo la manjano. Lilikuwa kama ukucha. Ncha ikawaka, doa likatanuka. Likawa la rangi ya asali, kisha la rangi ya chai, kisha likakolea. Chini yake mfuko ukapanda polepole, ukajaa.

Sigara ilifika kwenye mstari, ikazimika. Stuli ya pili ikalia, safari hii kwa wepesi, kama mtu anayenyanyuka akiwa ameshiba.

Ratri alikiacha kichujio palepale. Akasimama, akafungua mlango, akasogea pembeni, akasubiri mgeni atangulie, kama inavyotakiwa. Pak Modin hakuinua macho wala hakuacha kusoma. Aliingia tu chumbani nyuma yao na kuufunga mlango kwa ndani, makombo yasitoke.

Walitembea kwenye ukumbi, yule asiyeonekana mbele, Ratri nyuma kidogo. Walitelemka ngazi. Uani kulikuwa na madimbwi ya mvua, na Ratri aliyaona yakitikisika moja baada ya jingine mbele yake, bila haraka. Alibana meno ili neno lisimtoroke. Pale langoni alivuta komeo, akalifungua lango kwa upana wa kupita mtu mmoja, akatazama chini. Kitu cha baridi kikampita begani. Harufu ya fenesi ikatoka naye barabarani, ikaisha.

Akafunga. Hakuwa amesema chochote. Akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha lango na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akavuta pumzi mpaka mwisho.

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa namba ya nyumbani.

"Ratri," Mbah alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, haina mlio wowote ndani yake. "Upite kwa yule wa supu ya nyati. Njaa inaniuma. Na uache kulia, nakusikia."

"Ndiyo, Mbah," akasema. "Ndiyo."

Alikuwa bado ameshika simu sikioni alipogeuka akamwona Pak Wiryo. Mlinzi alikuwa ametoka kwenye kibanda chake, amesimama kwenye uwazi wa lango dogo la pembeni, ameinama, mikono imekunjwa mbele, uso umeelekea barabarani ambako hapakuwa na mtu.

"Haya, Mbah, nenda salama," Pak Wiryo alikuwa anasema kwa heshima yake yote. "Usitutupe. Siku yoyote, karibu hata kwangu, nyumba si mbali."

Kisha akanyooka, akamtazama Ratri akitabasamu.

"Mgeni wenu mtu mzima sana. Nimempa sigara ya njiani, kaipokea kwa mikono miwili. Siku hizi ni wachache wanaopokea hivyo."

Simuni Mbah alikuwa anauliza kama atakumbuka pilipili. Ratri alishusha simu. 

"Pak Wiryo. Nyumbani kwako, mkubwa wenu ni nani?"

"Mama yangu," akasema mlinzi, akirudi kibandani kwa mwendo wake wa pole. "Mzee sasa, lakini kifua chake kizima kabisa, anaimba kutwa. Kwa nini unauliza?"